Sahani ya Bibi: kitoweo na nguvu za wazee Kilosa na Mikumi



Mimi ni mtoto wa Unguja niliyeolewa Kilosa. Nyumba niliyoingia ina mavyaa wangu, na ina mama yake mavyaa, ambaye sote tunamwita Bibi. Ijumaa ya kwanza nilipika wali na kuku wa kienyeji, nikapakua kama nilivyofundishwa kwetu, nikamwekea Bibi paja zima. Akaniangalia, akacheka, akalichukua lile paja akawagawia watoto wawili waliokaa karibu yake.

"Mke mwenzangu," akaniambia, maana huku bibi na mke wa mjukuu ni watani, "mimi nimeshamaliza kujengwa. Nyama wape wanaokua. Mchuzi unanitosha."

Nikaona ni ukarimu wa wazee, nikanyamaza. Kila siku ikawa hivyo hivyo: ugali, mboga ya majani, mchuzi, chai ya rangi. Mwaka uliofuata akaanguka uani usiku, anakwenda kutawadha. Alhamdulillah hakuvunjika kitu, ila alilala wiki sita, na alipoamka miguu haikumrudia. Nguo ya kufua hawezi kuikamua. Kifuniko cha chupa ya mafuta anampa mtoto amfungulie. Akawa anasali juu ya kigoda kwa sababu akisujudu haamki bila ya kushikwa. Hospitali tuliyompeleka walitwambia ni uzee, tumpe uji.

Uzee ni kweli. Udhaifu unaokuja baada ya nguvu, pamoja na mvi, umetajwa katika Suratur-Rum, aya ya 54, na hakuna wa kuukimbia. Lakini neno lile la Bibi, kwamba amemaliza kujengwa, halikunitoka. Nikataka kujua limetoka wapi. Nilikuta lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa Kilosa na Mikumi.

Kilosa imekaa katika bonde la mto Mkondoa, chini ya milima ya Ukaguru na Usagara. Kabla ya reli ilikuwa katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa, Tabora na Ujiji, ile ile iliyobeba pembe na watu, na iliyoleta Kiswahili na Uislamu huku juu. Henry Morton Stanley alipita upande huu mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akakutana na masika katika mbuga ya Mkata, akahangaika matopeni na wapagazi wake. Sehemu ya mbuga hiyo ya Mkata leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na ukipita na basi unawaona nyati na swala wanakula majani pale pale.

Wenyeji, Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, walikuwa wakulima wa mtama na uwele, wenye kunde, kuku na mbuzi, na nyama ya mwitu ilikuwa kitoweo cha kawaida. Jamii hizi zinahesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi na watoto ni vya ukoo wa mama, kwa hivyo bibi mzee alikuwa na sauti na mara nyingi alizungukwa na mabinti zake. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanadhani wanawake wa zamani walikula mabaki siku zote na kila mahali. Huenda mambo hayakuwa sawa sawa namna hiyo.

Mwaka 1884 Carl Peters alikuja Usagara na karatasi zake za mikataba, na mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ikampa hati. Lakini pigo kubwa la kitoweo lililetwa na ugonjwa. Sotoka iliingia Afrika kwa pembe ya kaskazini mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufika 1891 ilikuwa imeshaingia Tanganyika. Ng'ombe walikufa makundi kwa makundi. Sehemu nyingine walikufa tisa katika kila kumi. Nyati na wanyama wengine wa kwato nao walikufa. Wamasai, waliokuwa wakiishi kwa maziwa, walikufa njaa. Mashamba na malisho yaliyoachwa yakawa pori, wanyama wa mwitu wakaja kuongezeka tena humo, na pamoja nao ndorobo. Mtu hawezi tena kufuga ng'ombe pale penye ndorobo. Wanahistoria Helge Kjekshus na John Iliffe waliliandika hili kwa urefu katika miaka ya 1970: mbuga tunazoziita za asili, kwa sehemu, ni makovu ya miaka ile.

Halafu ikaja sheria. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji katika koloni la Wajerumani, na Waingereza walipochukua nchi wakaendelea na sheria zao. Mwindaji mwenye mshale, aliyekuwa analisha mji wake, akawa mwenye kosa, na mgeni mwenye leseni na bunduki akawa muungwana. Sisemi wanyama wasilindwe. Nasema kitoweo kilitoka katika sahani, na hakuna aliyeuliza kitarudishwa na nini. Mwaka 1964 Mikumi ikawa hifadhi ya taifa, na leo ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Nyama inatembea mbele ya macho ya watu wa Mikumi, na mtu akipeleka mkono anafungwa.

Wakati huo huo chakula chenyewe kilikuwa kinabadilika. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma 1914. Kandokando yake, Kimamba na Rudewa, yakafunguliwa mashamba ya mkonge, na watu wakaletwa kutoka mbali kuja kukata. Wakalishwa posho. Neno hili huku Bara sasa maana yake ni unga au nafaka ya kusaga, lakini asili yake ni ile sehemu ya chakula anayopimiwa mpagazi au kibarua kwa siku. Unga wa mahindi ulipimika, ulibebeka, ulisagika kwa mashine. Mtama ukarudi nyuma. Mume wa Bibi alikuwa mkata mkonge, na Bibi alianza maisha ya ndoa kwa posho ya kupimiwa. Kwa mume aliyekata tangu alfajiri, na kwa watoto, kitoweo kidogo kilichopatikana kilikuwa na wenyewe. Tabia ya kusema mchuzi unanitosha hujifunzwa hivyo, na mtu akishaifanya miaka 60 huiona ni tabia njema.

Kwa haki ya reli niseme na hili: ndiyo iliyoleta dagaa wa Kigoma. Samaki mkavu anayesafiri bila ya barafu, na ambaye zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, aliwafaa watu wa Kilosa kuliko mipango mingi mikubwa. Mpango mmojawapo ulikuwa jirani tu, Kongwa, ambako Waingereza walianza mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta. Walitaka mafuta ya kupeleka kwao. Ardhi ikawashinda, mvua ikawakataa, na mwaka 1951 wakaacha, baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Karanga, chakula cha wanawake wa Ugogo na Usagara tangu hapo, haikuhitaji trekta.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike.

Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti uliofanyika Kenya. Walilinganisha jamii mbili zinazokaa jirani: Wamasai, waliokuwa wakila maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokuwa wakila zaidi nafaka, viazi na mboga. Waliwapima urefu na uzito, na wakawapa chombo kinachoitwa dainamomita, mpini wa chuma unaoubana kwa kiganja na mshale unaonyesha umebana kwa nguvu kiasi gani. Mwanamume wa Kimasai alimzidi mwenziwe kwa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, na nguvu zake zilizidi kwa asilimia 50. Utafiti ule una kasoro zake. Jamii mbili hutofautiana kwa mengi zaidi ya sahani, na wakoloni walipenda kupanga makabila kama wanavyopanga ng'ombe. Lakini Orr aliendelea na suala la chakula, akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wilaya ya Kilosa ina jozi hiyo hiyo, mkulima na mfugaji, wanaokaa bega kwa bega. Nayo imelipa kwa damu. Disemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa mashamba na malisho, na mwaka 2009 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo. Kila ugomvi ukizuka, mama wa Kimasai haji tena na vibuyu vyake, na mzee wa mjini anakosa maziwa. Hilo haliandikwi katika ripoti.

Ile dainamomita nitairudia. Kwanza tuone protini ilivyokuja kuwa chakula cha watoto.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliandika kuhusu watoto wanaovimba na kubadilika nywele baada ya kuachishwa ziwa, na baadaye akautangaza ugonjwa huo kwa jina la wenyeji, kwashakoo kama tunavyosema sisi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell na wenzake waliufanyia kazi kwa miaka mingi. Baada ya vita kuu ya pili dunia nzima ikawa inazungumza upungufu wa protini kwa watoto, mpaka mwaka 1974 Donald McLaren akaandika katika jarida la Lancet kwamba mambo yamepitiliza, na kwamba watoto wengi walikosa chakula chenyewe cha kutosha. Mwaka mmoja kabla, 1973, Tanzania ilikuwa imeunda Taasisi ya Chakula na Lishe.

Katika kliniki na madarasa yetu ujumbe ulifika kwa maneno matatu ambayo kila aliyesoma shule ya msingi anayajua: vyakula vya kutia nguvu, vya kulinda mwili, na vya kujenga mwili. Nyama, samaki, maharage, mayai na maziwa ni vya kujenga mwili. Na picha ukutani ni ya mama na mtoto. Yalikuwa mafunzo mazuri, yameokoa watoto wengi. Lakini msikilizeni bibi mwenye akili zake: kama hiki ni cha kujenga, na mimi nimeshajengwa, basi mimi cha nini? Amefahamu somo vizuri kabisa. Somo ndilo lililobaki nusu.

Nyumba ya makuti, dada zangu, haimalizwi kujengwa. Kila miaka michache inaezekwa upya, na usipoezeka inavuja. Misuli ni hivyo hivyo: kila siku inavunjwa kidogo na kujengwa kidogo. Kijana akila kitoweo kidogo mwili wake unakitumia vyema. Mzee, misuli yake imekuwa mizito wa kuitika, inataka kitoweo zaidi katika mlo mmoja ili ifanye kazi ile ile. Kwa hivyo paja la kuku lilikuwa na haki zaidi kwa Bibi kuliko nilivyodhani.

Wataalamu walichelewa kuliona. Kipimo cha gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kilichotumika kwa watu wazima wote, kilitegemea sana majaribio ya vijana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Irwin Rosenberg wa Marekani ndiye aliyependekeza neno sakopenia kwa kupotea misuli uzeeni. Kabla ya hapo hali hiyo haikuwa hata na jina. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake wakaweka dalili tano za udhaifu wa uzeeni: kupungua uzito bila ya kukusudia, kuchoka, kwenda polepole, kupungua harakati, na kiganja kukosa nguvu. Mwenye tatu au zaidi anahesabiwa dhaifu. Na kiganja wanakipima kwa nini? Kwa dainamomita ile ile. Nilipolisoma hilo nikaikumbuka chupa ya mafuta.

Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa Marekani wa wanawake zaidi ya 24,000 wa miaka 65 hadi 79. Waliokula protini zaidi walielekea zaidi kusalimika na udhaifu. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kitoweo peke yake ndicho sababu, maana anayekula vizuri mara nyingi ana mengine mazuri pia. Lakini mwaka 2013 jopo la wataalamu, PROT-AGE, lilipendekeza wazee wapate gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo, na zaidi kidogo wakiwa wagonjwa, isipokuwa mwenye maradhi makubwa ya figo, huyo lazima daktari wake aamue. Nchini kwetu madaktari wa KCMC na wenzao wa Uingereza wamechunguza udhaifu wa wazee vijijini Hai, Kilimanjaro, na wametengeneza kipimo kifupi cha kutumika katika mazingira yetu.

Nikachukua kalamu. Bibi ana kilo 50 hivi, kwa hivyo anataka gramu 50 hadi 60. Unga wa ugali anaoula kwa siku hauzidi gramu 200, nao unampa kama gramu 17, tena za mahindi, ambayo yana upungufu wa laisini, kiungo kimoja cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Mboga na mchuzi, gramu chache. Chai ya rangi, sifuri. Hakuwa anafika hata nusu.

Na dawa yake ilikuwa karibu kuliko nilivyojua. Ukitoka mjini Kilosa kidogo tu unafika Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo tangu wakati wa Mwingereza. Watu wa Kilosa wanakijua kwa mahindi na kwa pamba ya zamani, lakini mimi nakisifu kwa mikunde. Kunde za Tumaini, Fahari na Vuli zimetoka huko, na choroko, na mbaazi zinazokomaa mapema kama Komboa. Gramu 100 za kunde kavu zina protini gramu 23 hivi, na laisini inayokosekana katika mahindi kunde zinayo kwa wingi. Wanawake walioanza kupika ugali au makande kwa kunde hawakuwa na maabara, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi. Sisi Wazanzibari tunaokula mbaazi za nazi asubuhi tumefanya hesabu hiyo hiyo, kisha tunaiharibu kwa kumpa mzee mchuzi wa nazi na mbaazi wakala vijana.

Kwetu Unguja serikali ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote waliofika miaka 70 pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia. Mama yangu mkubwa alizoea kununulia samaki zake, kisha akawapikia wajukuu. Maradhi ni yale yale, bahari haituponyi.

Kwa Bibi nilianza vibaya. Nilimhubiria kuhusu gramu, akaniangalia kama mtu aliyepotea njia. Mavyaa ndiye aliyenifundisha: usimwambie ni kitoweo, mwambie ni dawa. Basi yai likawa dawa ya asubuhi, limepigwa ndani ya uji wa ulezi. Dagaa niliwasaga, nikachanganya na karanga, nikawatia katika mchicha wake, maana meno hana. Kunde naziloweka usiku, nazitoa maganda, nazisonga mpaka zinakuwa laini. Kikombe cha maziwa jioni, siku mama wa Kimasai anapokuja. Hesabu inafika gramu 50 na kitu, na gharama yake kwa siku ni ndogo kuliko soda mbili za wageni. Na mavyaa akaongeza jambo ambalo chakula peke yake hakiwezi: kila baada ya sala ya alasiri Bibi anasimama na kukaa juu ya kigoda chake mara tano, kisha mara nane, ameshika ukuta, kwa sababu misuli isiyotumwa haijengeki hata ukiilisha ng'ombe mzima.

Sijui kama atasujudu tena chini. Kigoda bado anakitumia. Lakini chupa ya mafuta anafungua mwenyewe, na anakwenda uani usiku kwa miguu yake, na taa mkononi.

Wiki iliyopita mayai yaliadimika sokoni, nikampelekea uji mtupu. Akautia kijiko, akaukoroga, akachungulia ndani ya bakuli.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "leo umenipunja dawa."